Askrimu yangu inaganda kama jiwe, vijidudu vitaishi vipi humo?

Swali: "Asalaam alaykum. Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, nipo Wete. Tangu mwaka jana nauza askrimu za vikombe na za vijiti hapa nyumbani, na wateja wangu wakubwa ni watoto wa skuli. Maziwa nachukua kwa kaka yangu, ana ng'ombe wawili. Juzi kaja bwana afya, kaniambia nisitishe kwanza, nikapime afya, nikasajili jiko langu, kisha atachukua sampuli ikapimwe. Askrimu yangu inalala kwenye friza usiku kucha, inakuwa jiwe. Barafu si inaua vijidudu? Sasa usumbufu wote huu wa nini, na hii ndiyo riziki yangu?"

Waalaykumu salaam, marahaba dada yangu. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa chakula, baadaye ya maabara, Unguja na Pemba, na hili la barafu nimeulizwa na wauzaji, na walimu, na hata watu waliosoma kunishinda. Jibu lake ni fupi. Barafu haiui vijidudu, inavilaza tu.

Nikupe ushahidi wa ndani ya maabara kwenyewe. Tukitaka kukihifadhi kijidudu fulani ili tukitumie mwakani, au baada ya miaka kumi, hatukiachi kwenye joto la chumba, kitatufia. Tunakigandisha. Na moja ya vitu tunavyokitia ndani yake kabla ya kukigandisha ni maziwa yaliyotolewa mafuta, kwa sababu maziwa yanakikinga kisiumizwe na barafu. Miaka ikipita tunakitoa, tunakipa joto na chakula, kinaamka na kuanza kuzaana. Sasa itazame askrimu yako: maziwa, sukari, mafuta, baridi kali. Wewe unaiona jiwe, kijidudu kimejikunyata humo kama mtu aliyejifunika blanketi. Baadhi vitakufa, ndiyo. Vitakavyobaki vinatosha kumlaza mtoto hospitali.

Kwa hiyo friza haisafishi kitu. Inakurudishia kilekile ulichokiweka. Kama mchanganyiko ulikuwa safi jana usiku, leo utatoa askrimu safi, na kama ulikuwa mchafu, leo unatoa uchafu uliopoa. Ndiyo maana bwana afya hakuuliza friza yako inagandisha vipi. Ameuliza yaliyotangulia: ng'ombe, chombo, moto, mikono yako. Huko ndiko askrimu inakosalimika au kuharibikia.

Nianze na chombo, kwa sababu ndicho watu wanachokidharau. Mwaka 1994 huko Marekani, watu wanaokadiriwa 224,000 waliugua salmonela, kijidudu cha kuharisha, kwa kula askrimu ya kampuni moja kubwa. Soma tena hesabu hiyo, ni watu wengi kuliko wakaazi wa mji wowote wa kisiwa chetu. Mchanganyiko wa askrimu ile ulikuwa umepashwa joto sawasawa kiwandani. Tatizo lilikuwa magari ya tangi yaliyoubeba kuupeleka kwenye kiwanda cha kugandishia. Matangi yale yalikuwa yamebeba mayai mabichi, hayakusafishwa vya kutosha, na mchanganyiko ulipofika haukupashwa moto tena. Kazi nzuri yote ya moto iliharibika njiani kwa sababu ya chombo.

Wewe huna gari la tangi, lakini kaka yako ana dumu. Mara nyingi ni lile la plastiki la njano la lita 20, au la lita 5 lililokuwa la mafuta ya kupikia. Likitoka kwake limesuuzwa, linang'aa kwa nje. Fanya hivi: lichukue likiwa tupu, tia kidole shingoni kwa ndani, kisha papasa pale mpini unapopinda. Ukigusa utelezi kama wa jiwe la mtoni, huo ni ukoga wa vijidudu vilivyojijengea nyumba, na sabuni na maji ya baridi haviubomoi. Nimekata madumu ya namna hiyo kwa kisu nikayafungua mbele ya wenyewe, na kila mara kwenye kona za ndani, karibu na mpini, kulikuwa na rangi ya manjano iliyokolea yenye harufu ya siagi iliyochacha. Mwenyewe anaapa kwamba analiosha kila siku, na anasema kweli. Mkono haufiki. Mwambie kaka yako anunue chombo cha bati la aluminiamu au cha chuma kisichoshika kutu, chenye mdomo mpana unaopitisha mkono wote na kifuniko kinachobana. Kikishaoshwa kwa maji moto na sabuni kifudikizwe juani kikauke, kisifutwe kwa kitambaa.

Sasa njoo kwenye moto. Viwandani maziwa hupashwa kwa namna mbili: nyuzi 63 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha yapozwe haraka. Ndiyo njia iliyopewa jina la Louis Pasteur, mwanasayansi wa Kifaransa. Mchanganyiko wa askrimu unadai zaidi, kwa sababu sukari na mafuta vinakinga vijidudu dhidi ya moto kama vinavyovikinga dhidi ya baridi. Kipimo kinachotumika sana ni nyuzi 69 kwa dakika 30, au nyuzi 80 kwa sekunde 25. Jikoni kwako, kama huna kipimajoto, tia maziwa, sukari na unga wa kastadi vyote pamoja, koroga mpaka chini ya sufuria, yaache yatokote kweli, wala si kutoa mvuke tu, na uendelee kukoroga dakika chache baada ya hapo. Kama unatia mayai, nayo yaingie mapema yapikwe. Mayai mabichi ndani ya askrimu ya watoto siyakubali kwa hali yoyote.

Na kila kitakachoingia baada ya moto ndicho kitakachokuponza: maji ya kisima ya kupunguzia uzito, ndizi iliyopondwa kwa mkono, rangi iliyokorogwa kwenye maji ya bomba, barafu ya dukani. Kama mchanganyiko ni mzito, maji yaingie kabla ya kutokota. Sisi tunaokumbuka kipindupindu hatuhitaji kuelezwa sana habari ya maji, na vile vijiti vya barafu ya rangi vinavyouzwa milangoni mwa skuli ni maji matupu. Anayetumia maziwa ya unga asijione amesalimika pia. Unga wenyewe ukiwa mkavu vijidudu havizaani humo, lakini ukishauchanganya na maji umekuwa maziwa, na unaharibika kama maziwa.

Kupoza ndipo wengi wanapokosea wakidhani wamemaliza. Mama anapika saa mbili usiku, anafunika sufuria, anaiacha jikoni ipoe yenyewe mpaka alfajiri, ndipo aitie friza. Joto la Pemba usiku mwingi wa kaskazi halishuki sana, na sufuria kubwa ya maziwa inabaki vuguvugu kwa masaa. Kijidudu kinachopenda joto hilo kinaweza kugawika mara mbili kila baada ya dakika 20. Piga hesabu mwenyewe: kijidudu kimoja saa kumi na mbili asubuhi, kikiachwa raha mustarehe, ikifika saa nane mchana ni zaidi ya milioni 16. Kwa hiyo sufuria ikitoka motoni iweke ndani ya beseni la maji ya baridi yenye vipande vya barafu, koroga kwa mwiko safi, badilisha maji yakipata moto. Kabla ya masaa mawili kupita tangu itoke motoni iwe imekwisha kupoa na kuingia kwenye baridi.

Hapa kuna jambo moja ambalo nataka ulishike kuliko yote, kwa sababu linawadanganya hata watu waangalifu. Si kila ubaya unaondoka kwa kuchemsha. Sikukuu moja, miaka mingi nyuma, niliitwa zahanati jioni. Watoto tisa, wengine bado wamevaa nguo zao mpya, wanatapika wasiweze kukaa. Wote walikula askrimu kwa mtu mmoja, na ilikuwa haijatimia saa tatu tangu wale. Nilikwenda kwa muuzaji. Alikuwa mtu mwema, jiko limefagiwa, sufuria imesuguliwa mpaka unajiona. Akaniambia amechemsha maziwa mpaka yamefurika jikoni, akanionesha alama ya kuungua kwenye mkaa. Nilimwamini. Nikamuuliza maziwa yalikamuliwa saa ngapi. Alfajiri. Yalichemshwa saa ngapi? Baada ya Adhuhuri, kwa sababu asubuhi alikuwa kwenye sala ya Idi na kutembelea wazee. Nikatazama mikono yake. Kidole cha shahada cha kulia kilikuwa na kipande cha kanga kimefungwa, chini yake kidonda chenye usaha. Ndicho kidole alichochovya asubuhi kuonja kama maziwa hayajachacha.

Kijidudu kinachokaa kwenye majipu na vidonda, stafilokoka, kikipata maziwa ya joto kwa masaa kadhaa kinamwaga sumu. Moto utakiua chenyewe, lakini sumu yake inavumilia kuchemka, na barafu haiigusi kabisa. Mtu akiila anaanza kutapika baada ya saa 1 mpaka 6. Wale watoto walipona, alhamdulillahi. Muuzaji yule aliniuliza kosa lake lilikuwa nini hali alichemsha, na sauti yake bado naisikia. Kosa lilikuwa yale masaa ya asubuhi. Maziwa yachemshwe ndani ya saa mbili tangu kukamuliwa, au yawekwe kwenye baridi mara moja, na mwenye kidonda mkononi asiguse maziwa mpaka kipone.

Umeuliza usumbufu wa kupima afya ni wa nini. Mwaka 1946 katika mji wa Aberystwyth, huko Wales, watu zaidi ya 200 walipata homa ya matumbo, na chanzo kilikuwa askrimu ya mtengenezaji mmoja aliyebeba vijidudu hivyo mwilini bila yeye kuumwa. Alionekana mzima, anafanya kazi yake. Mwaka uliofuata Uingereza ikatoa kanuni za kulazimisha mchanganyiko wa askrimu upashwe joto kabla ya kugandishwa. Watu wa namna ile wapo kila nchi, na kipimo cha choo ndicho kinachowagundua. Hata hivyo nitakwambia ninavyoamini: cheti cha afya kinazungumzia siku uliyopimwa. Sabuni yako inazungumzia leo. Muuzaji mwenye cheti ukutani asiye na sabuni chooni ananitia hofu kuliko asiye na cheti anayenawa.

Kuhusu usajili, naona watu wanachanganya, kwa hiyo niliweke sawa. Ukisikia redioni habari za TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kukagua chakula, hizo ni za Bara. Afya si jambo la Muungano. Kwetu Zanzibar chakula kinasimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, uliotokana na ile Bodi ya Chakula, Dawa na Vipodozi iliyoanzishwa kwa sheria ya 2006. Mambo ya viwango vya bidhaa na alama ya ubora yako kwa Taasisi ya Viwango, ZBS. Na bwana afya wa eneo lako ndiye jicho la kila siku, anaingia majikoni na kwenye magenge. Kwa mtu wa kiwango chako, anza naye huyohuyo aliyekuja. Mwambie akuandikie kwenye karatasi mambo anayotaka urekebishe, moja baada ya jingine, ili akirudi mtazame karatasi ileile na asije na orodha mpya.

Hapa nina maneno kwa wenzangu wa kazi pia. Ukaguzi wetu mara nyingi unamwangukia mama wa mwisho kwenye mnyororo, mwenye friza na ndoo, kwa sababu yeye anaonekana barabarani. Zizi halionekani, dumu halionekani. Bwana afya anayekwenda kwa muuzaji wa maziwa na daftari la risiti bila kipimajoto mfukoni ameacha nusu ya kazi yake ofisini. Ningependa mwezi mmoja tu watu wa afya na watu wa mifugo waongozane, watoke na maziwa zizini alfajiri, waende nayo mpaka kwenye kikombe cha mtoto, wapime joto kila yanapobadilisha mkono. Wangejua zaidi kuliko wanavyojua kwa sampuli mia za kwenye friza.

Sampuli yenyewe isikutishe. Kuna vitu viwili maabara watavitafuta ambavyo vinafaa uvijue. Cha kwanza ni kolifomu, vijidudu vya ukoo wa wale wa utumboni. Moto unaviua kirahisi, kwa hiyo vikionekana kwenye askrimu iliyopikwa maana yake vimeingia baada ya moto: kijiko, maji, mkono. Cha pili kipo kwenye maziwa yanayodaiwa kupashwa joto, nacho ni kimeng'enya kiitwacho fosfatesi. Maziwa mabichi yanacho, na kinaharibika kwenye joto lilelile la kuua vijidudu, juu kidogo tu. Kikikutwa kizima, ama moto haukutosha ama mtu amechanganya maziwa mabichi baadaye. Hakiwezi kudanganywa kwa maneno, ndiyo maana nakipenda.

Na kwa kolifomu mshitakiwa wa kwanza ninayemjua ni gilasi. Muuzaji anachota askrimu kwa kijiko, kisha anakitumbukiza kijiko kwenye gilasi ya maji kisikauke. Mteja wa kumi anakuja, maji yameshakuwa meupe, vuguvugu, yenye sukari na maziwa, yamekaa mezani tangu asubuhi. Nilichukua sampuli ya maji hayo mara moja, pamoja na askrimu iliyokuwa pembeni yake. Askrimu ilikuwa nzuri. Maji ya gilasi yalijaa vijidudu mpaka hatukuweza kuvihesabu, na kila mtoto alikuwa akipewa matone yake juu ya askrimu nzuri. Uza kwenye vikombe ulivyovijaza na kuvifunika kabla ya kugandisha, na gilasi hutaihitaji tena.

Habari ya umeme. Wa Unguja hawajasahau giza la 2008, wala ile miezi ya kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Sisi Pemba tulikuwa na majenereta ya Wesha kabla ya kebo ya baharini kutoka Tanga kufika 2010, na kukatika tunakujua. Friza iliyojaa, isiyofunguliwa, inahifadhi ubaridi wake yapata siku mbili, iliyojaa nusu yapata siku moja. Tatizo ni zile nyakati ambazo wewe hukuwepo nyumbani, ukarudi ukakuta kila kitu kigumu. Gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, kikae ndani ya friza daima. Siku ukiikuta sarafu imezama chini ya barafu, mali yako iliyeyuka ikaganda tena, hata kama inaonekana jiwe. Imwage yote. Najua inauma, ni mtaji. Lakini zipo aina kama listeria ambazo zinaendelea kuzaana hata kwenye baridi ya friji, na kwa mama mjamzito listeria inaweza kuua mimba. Mwaka 2015 askrimu yenye kijidudu hicho ilihusishwa na wagonjwa 10 Marekani, 3 kati yao wakafariki, na baadhi yao walikuwa wamelazwa hospitali kwa maradhi mengine, wakapewa kinywaji cha askrimu wapate nguvu.

Kwa ng'ombe wa kaka yako nitakuwa mfupi, maana daktari wa mifugo anamtosha. Ng'ombe apimwe ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu. Kiwele kikivimba au maziwa yakitoka na mabonge au damu, yamwagwe. Akidungwa dawa, maziwa yasiuzwe mpaka siku alizotaja daktari ziishe, kwa kuwa dawa inabaki ndani yake na kuchemsha hakuiondoi. Ukitaka alama ya nyumbani, maziwa yaliyokataa kuwa mgando hali mengine yote yamekwisha ganda, muulize kaka yako kama ng'ombe alipigwa sindano.

Kusitisha kwa siku chache usikuchukulie kama adhabu. Nenda kapime, badilisha chombo, pika kundi moja dogo kwa utaratibu huu, gandisha vikombe vyake peke yake, uviandike tarehe. Bwana afya akija, mpe sampuli kutoka kwenye vikombe hivyo, na umuombe nakala ya majibu. Yakirudi, tazama kwanza mstari wa kolifomu. Ukiwa na namba kubwa, usianze kumshuku ng'ombe. Anza na mikono, kijiko na maji ya kusuuzia vikombe, kisha uniandikie tena na majibu hayo tuyasome pamoja.